Maji maangavu si maji salama

WATU wengi wanaponunua tangi la samaki huuliza bei ya kioo, bei ya pampu na bei ya samaki wenyewe. Ni wachache mno wanaouliza ni nani atakayekula uchafu wa hao samaki. Swali lenyewe halipendezi mezani, lakini ndilo linaloamua kama samaki wataishi wiki mbili au miaka kumi.

Nimeona nilizungumzie suala hili kwa sababu linawagusa wasomaji wa aina mbili ninaokutana nao kila wiki. Wa kwanza ni yule aliyerudi nyumbani na sasa anatafuta mradi mdogo wa kufanya nyumbani kwake. Wa pili ni mfanyabiashara wa mpakani, ambaye ameshagundua kwamba samaki mmoja aliye hai ndani ya mfuko wa plastiki anaweza kumletea fedha nyingi kuliko kilo nzima ya mgebuka. Wote wawili hupoteza mtaji kwa sababu ile ile, na wote wawili huambiwa kuwa ni jicho baya la jirani.

Samaki wenyewe wanatoka mlangoni petu. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha wakiwa hai kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo, na mwaka 1978 alitoa kitabu kizima juu yao. Samaki mmoja mdogo, mwenye rangi ya chai ya maziwa na mapezi marefu yenye ncha nyeupe, alipewa jina la kisayansi la brichardi mwaka 1974 kwa heshima yake. Madukani huko Ulaya na Marekani samaki huyo huuzwa kwa jina la Binti Mfalme wa Burundi.

Sasa msomaji ajiulize. Mjerumani anamfuga Binti Mfalme huyo sebuleni, theluji ikianguka nje, na samaki anazaa. Sisi tulio hatua chache kutoka ziwani tunamtia kwenye kioo leo na baada ya siku kumi na mbili tunamtupa jalalani. Kuna nini?

Hesabu ya kijiko cha dagaa

Samaki hatoi uchafu kwa njia moja tu. Kile kinyesi tunachokiona chini kwenye changarawe ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ya amonia, ambayo ni taka inayotokana na protini ya chakula, hutoka kupitia mashavu yake anapopumua. Haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu. Ndiyo maana tangi linaweza kuonekana safi kama maji ya chupa huku samaki wakiungua mashavu.

Wanafunzi wangu wa sayansi hupenda mambo yenye namba, basi nasi tupige hesabu. Chukua gramu 5 za dagaa wakavu waliotwangwa, yaani vijiko viwili hivi vya chai. Protini ndani yake ni kama gramu 3. Naitrojeni ni asilimia 16 ya protini, kwa hiyo tunayo karibu gramu 0.48. Tuchukulie kwamba nusu tu ndiyo inayorudi majini kama amonia: ni miligramu 240. Kwenye tangi la lita 200 hiyo ni miligramu 1.2 kwa kila lita, na ni ya siku moja tu. Kesho inaongezeka nyingine kama hiyo.

Hapo ndipo maji yetu yanapotutega. Amonia ina sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ambayo ni sumu kali, na kinachoamua ipi itakuwa nyingi ni kiwango cha tindikali au magadi ya maji, ambacho wataalamu hukipima kwa pH. Katika maji ya pH 7, kwenye nyuzijoto 25, sura yenye sumu haifiki hata sehemu moja kati ya mia. Katika pH 9, zaidi ya theluthi ya amonia yote inakuwa sumu. Na maji ya Tanganyika ni ya magadi, pH yake hukaribia 9. Samaki wetu wameyazoea na hawapendi mengine. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura, Rumonge au Kigoma anayefuga kwa maji ya ziwa ana nafasi ndogo ya kukosea kuliko yule anayefuga samaki wa Amazoni katika maji laini. Kati ya ile miligramu 1.2, zaidi ya 0.4 ni sumu tupu, wakati mashavu ya samaki huanza kuharibika kwenye karibu 0.05.

Ziwani hali ni tofauti kwa sababu samaki mmoja ana maji yasiyo na mwisho wa kumsaidia, na pia kwa sababu kila jiwe limefunikwa na walaji wa hiyo taka.

Walaji wasioonekana

Walaji hao ni bakteria. Msomaji asishtuke. Wengi wetu tuliosoma kambini tulifundishwa kuwa bakteria maana yake ni kipindupindu na kuhara, na tulikuwa na sababu nzuri ya kuamini hivyo. Lakini wapo wasiomdhuru mtu, ambao chakula chao ni amonia. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili huila nitriti na kutoa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, mashavu yanakuwa ya rangi ya kahawia badala ya nyekundu, samaki anatweta juu ya maji ingawa hewa ipo. Nitrati ni ya upole zaidi, mpaka irundikane.

Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefanikiwa kuwatenga bakteria hawa maabara kwenye mwaka wa 1890 hivi. Kwa miaka mingi vitabu vilisema mla nitriti ndani ya tangi anaitwa Nitrobacter, mpaka mwaka 1998 watafiti walipochunguza matangi ya maji baridi wakakuta ni mwingine, Nitrospira. Mwaka 2015 ikabainika kuwa baadhi ya hao Nitrospira wanaweza kuifanya kazi yote peke yao, toka amonia hadi nitrati. Nayataja haya kwa sababu ya zile chupa za dawa ya bakteria zinazouzwa. Baadhi ya chupa za zamani zilikuwa na bakteria wasiohusika, na hata iliyo na bakteria wa kweli, ikishasafiri juani nyuma ya lori kwa siku tatu, kilichobaki ndani ni maji ya bei kubwa.

Mambo mawili ya kukumbuka kuhusu walaji hawa. La kwanza, hawaelei majini. Wanajishika kwenye vitu: sponji ya chujio, changarawe, mawe, kuta za kioo. Ukibadilisha maji huwapotezi, ukiosha sponji kwa sabuni umewaua wote. La pili, hawana haraka. Bakteria wa uozo huongezeka maradufu chini ya saa moja, lakini hawa huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Amonia hupanda kwanza, halafu nitriti katika wiki ya pili au ya tatu, kisha zote mbili hushuka hadi sifuri.

Kwa hiyo mtu anayenunua tangi Jumamosi na samaki ishirini Jumapili amewaalika wageni kabla ya kuchimba choo.

Mgahawa wa Nyanza-Lac

Mwaka 2023 nilipelekwa kumwona mama mmoja wa Nyanza-Lac ambaye biashara yake ni kwenda na kurudi Kigoma: vitenge, mafuta ya mawese, dagaa. Ana mgahawa mdogo, na ndani alikuwa ameweka tangi la lita 200. Mpango wake haukuwa pambo tu. Alitaka kuzalisha Binti Mfalme na kuwauzia wenye hoteli Bujumbura. Fedha alikopa kwenye chama cha akina mama wenzake, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwani samaki walikuwa wamekufa mara tatu na marejesho hayakusubiri. Wanachama wawili walikuwa tayari wameanza kuzungumza juu ya kuchukua friji yake.

Nilipofika, maji yalikuwa maangavu ajabu. Samaki wanne waliobaki walikuwa juu, vinywa wazi.

“Mwalimu, jionee mwenyewe,” aliniambia. “Tangi langu ni safi kuliko sufuria zangu. Naliosha lote kila Jumapili, mawe, sponji, kila kitu, kama alivyoniagiza aliyeniuzia.”

“Unaosha kwa nini, mama?”

“Sabuni ya unga. Halafu nasuuza kwa maji ya bomba mpaka povu liishe.”

Vipimo vya matone, nilivyotumiwa na ndugu aliyeko Ulaya, vilitoa rangi ya kijani iliyokolea kwa upande wa amonia. Nitriti ilikuwa sifuri, nitrati sifuri. Msomaji ameshaelewa maana yake: hakukuwa na mlaji hata mmoja. Kila Jumapili mama huyu alikuwa akilianza tangi upya, na kila asubuhi, mchana na jioni alikuwa akiwapa samaki wanne wale dagaa wa kutosha kulisha ishirini.

Maji ya bomba nayo yalichangia. Yana klorini, na klorini imewekwa kuua bakteria. Haichagui. Sisi tuliokulia kambi ya Mtabila, Kasulu, tuliijua klorini kwa pua kabla ya kuijua kwa kitabu, maana foleni yote ya maji ilinuka hiyo. Ilituokoa. Lakini haifai kumiminwa moja kwa moja juu ya sponji. Njia rahisi ni kuyaacha maji kwenye ndoo pana, wazi, usiku mmoja na kutwa moja, na kuyakoroga mara kwa mara. Klorini itatoka yenyewe. Palipo na dawa nyingine ya maji iitwayo kloramini njia hiyo haisaidii, hivyo ni vizuri kuulizia kwanza.

Tulichofanya hakikuhitaji kununua kitu cha ajabu. Tulibadilisha nusu ya maji siku ile na kila siku iliyofuata kwa wiki ya kwanza. Chakula kilisimamishwa siku tatu. Samaki mzima havumilii shida kubwa kwa kufunga siku tatu. Kisha nikaomba kipande cha sponji chafu, chenye utelezi wa kahawia, kutoka kwa mtu wa Bujumbura ambaye tangi lake lina umri wa miaka sita. Nilikisafirisha kikiwa kimelowa ndani ya kopo lenye hewa, tukakibana karibu na sponji mpya. Mama alikunja uso alipokiona. Nilimwambia afikirie mtindi: hutengenezi mtindi kwa maziwa mapya peke yake, unatia kijiko cha ule wa jana. Hapo alicheka, na hakuuliza tena.

Katika siku ya tisa nitriti ilijitokeza. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuona sumu, kwa kuwa ilimaanisha kundi la kwanza limeanza kazi. Tulitia chumvi ya jikoni gramu moja kwa kila lita, kwa sababu kloridi iliyomo huizuia nitriti kupenya mashavuni. Mpaka wiki ya tano amonia na nitriti zote zilikuwa sifuri, na samaki watatu kati ya wanne walikuwa hai.

Ndoo, umeme na mfuko

Ikibaki nitrati, nani anaiondoa? Ziwani, chini ya mita 100 hivi kwa upande wetu wa kaskazini, hakuna oksijeni, na mwaka 2006 watafiti waliandika juu ya bakteria wa humo wanaogeuza amonia na nitriti kuwa gesi ya naitrojeni inayokwenda zake. Tangi la sebuleni halina kina hicho. Sisi tuna ndoo. Turudi kwenye hesabu: ukilisha gramu 2 za dagaa kwa siku badala ya 5, tangi la lita 200 litapata nitrati miligramu 15 hivi kwa lita kila wiki. Ukibadilisha theluthi moja ya maji kila wiki, nitrati haitapita 45, kiwango ambacho samaki wakubwa wanakihimili. Ukiendelea na gramu 5, hata kubadilisha nusu nzima kila wiki hakukufikishi hapo. Kwa maoni yangu hakuna chujio la fedha yoyote linaloshinda mkono usiomwaga chakula ovyo. (Na wale wanaofuga samaki walao ukoga wa mawe, wale weusi wenye mkanda wa njano, wasiwape dagaa kabisa. Huvimba matumbo na kufa.)

Sponji isuguliwe, ndiyo, inapoziba. Lakini isuguliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, bila sabuni, na kama zipo mbili, moja wiki hii na nyingine baada ya wiki mbili.

Umeme ni jambo la pekee kwetu. Bakteria hawa wanavuta oksijeni nyingi: kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoila inawagharimu zaidi ya miligramu nne za oksijeni. Umeme unapokatika, chujio la aina ya kopo lililofungwa hugeuka kaburi baada ya saa chache, na ukirudi ghafla usiku wa manane, pampu inamwaga ule uozo wote kwa samaki waliolala. Ndiyo maana nampendekezea kila mtu wa kwetu sponji ya kawaida inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Umeme ukikatika sponji inabaki ndani ya maji ya tangi, si ndani ya kopo. Pampu ya betri ya akiba ni nzuri zaidi. Usilishe mpaka umeme urudi. Mwenye chujio la kopo alifungue, atoe sponji aiweke tangini.

Wale wa milimani, Gitega, Ngozi na kwingineko, ambako maji ya chemchemi mara nyingi ni laini, wana taabu ya kinyume. Bakteria hutumia ile chokaa iliyomo majini wanapofanya kazi. Ziwa lina akiba ya kutosha, chemchemi haina, na pH ikishuka chini ya 6.5 walaji huzubaa. Mfuko mdogo wa mawe ya chokaa yaliyopondwa au makombe ya konokono ndani ya tangi unasaidia.

Kwa wasafirishaji wa kuvuka mpaka, iwe Manyovu au kwingine, vibali vitangulie, kisha samaki wafungishwe siku mbili kabla ya safari ili wasichafue mfuko. Theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, na mfuko ukae gizani. Safarini samaki hutoa amonia, lakini hewa ya kaboni wanayoitoa huteremsha pH, hivyo ile amonia inakaa katika sura yake isiyo na sumu. Hatari iko kwenye kuufungua. Mara hewa ya kaboni inapotoka, pH inapanda na amonia inageuka sumu ndani ya muda mfupi. Nimewaona watu wakifungua mifuko ili samaki “wapumue”, kisha wanainywesha maji mapya kidogo kidogo kwa saa nzima. Samaki wa Tanganyika hawana saa hiyo. Mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika kumi na tano au ishirini, joto lilingane, ukishafunguliwa samaki wachotwe kwa wavu moja kwa moja hadi tangini, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Ofisa wa mpakani akitaka kuona, aombwe aangalie kupitia plastiki.

Mama wa Nyanza-Lac aliongeza Mabinti sita mwaka 2024, wawili kwanza, wanne baada ya majuma matatu ili walaji wapate muda wa kuongezeka. Samaki hawa wana tabia ya kupendeza: watoto wakubwa hawaondoki, wanabaki kulinda mayai na wadogo zao, kama nyumba za kwetu. Matokeo yake ukoo unajaa ndani ya tangi moja. Alipofikisha watoto wapatao sitini, vipimo vilionyesha amonia tena, kidogo. Alinipigia simu akitaka kujua dawa. Nikamwambia asitafute dawa, atafute mnunuzi. Aliuza thelathini Bujumbura kwa safari mbili, akapeleka sehemu ya fedha kwenye chama, friji ikabaki mahali pake. Sasa anataka tangi la pili, na nimemwomba asinunue samaki wowote wa kulitia. Nusu ya sponji ya zamani ihamie huko kwanza, na watoto kumi wa kuifuata.